Kilo Nilizoandika kwa Rangi

Dada Magdaline,

Nisaidie jameni, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu swali langu ukilisikia juujuu ni la kuchekesha, hata mimi nikilisoma hapa naona ni kama mzaha, lakini mwenzako chakula hakishuki. Swali ni hili: mazoezi ya makalio peke yake, yale ya kulala chali unainua kiuno, na yale ya kurusha mguu nyuma ukiwa umejifunga mpira wa tube ya baiskeli, yanaweza kweli kumfanya mtu abebe uzito zaidi kwenye squat, ile ya kuweka chuma mabegani unachuchumaa na kusimama nacho? Jibu ninalotaka ni ndiyo. Nakwambia mapema ili ujue unaongea na mtu wa aina gani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu cha kazi kiko Kawangware lakini naishi Raila, huku Kibera, na jina langu tafadhali libadilishe ukichapisha. Miaka tisa iliyopita mimi na rafiki yangu Osewe tulianzisha jim hapo Raila, kiwanja kidogo tu kimezungushiwa mabati, na kwa vile vyuma vya dukani hatungeviweza tukajitengenezea vyetu vya simiti. Osewe alikuwa fundi wa mawe, mtu wa mjengo tangu ujana wake, amenizidi miaka kumi na miwili, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Mimi nilichomelea stendi na nikatafuta chuma kirefu cha kubebea, yeye akakoroga simiti na kokoto akamwaga kwenye ndoo za rangi, katikati ameweka kipande cha bomba ili tundu libaki. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuivunja: simiti ikikauka inabebwa kwa mkokoteni mpaka Kawangware kwa Ng'ang'a muuza viazi, ambaye ana mizani kubwa ya kupimia magunia, inapimwa, inaongezwa ama inachongwa mpaka itimie, na hapo tu ndipo Osewe anachukua brashi na kuandika kilo zake kwa rangi nyeupe. Vijana walikuwa wanamcheka, wanasema mzee, kilo ni kilo, andika tu twende kazi. Yeye anasukuma mkokoteni wake.

Sasa mwaka juzi mimi nikaanza kutazama video kwa simu, zile za walimu wa mazoezi wa huko ng'ambo, na nikajiona nimekuwa profesa. Nikamwambia Osewe kwamba shida yetu ni makalio, kwamba makalio yetu yamelala, tukiyaamsha yenyewe peke yake squat itapanda bila hata kuigusa sana. Osewe akasema, "Omera," yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "mtu akitaka kuchuchumaa na mzigo, si achuchumae na mzigo?" Basi. Kwake yalikuwa yameisha. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya vijana, na vijana wakagawanyika, wengine upande wangu wengine upande wake, na ikakubaliwa kwamba kwa wiki kumi yeye atafanya squat zake kama kawaida, mimi nitafanya makalio siku nne na squat siku moja tu, nyepesi, halafu Jumapili baada ya kanisa tupimane. Tulianza tukiwa sawa, kila mtu anasimama na mia moja.

Wiki ya nane Osewe alipata kazi Rongai, akawa haonekani, na vijana walikuwa wanalia simiti za ishirini ni chache. Nikasema wacha nitengeneze mbili mwenyewe. Dada, simiti iliniishia katikati. Sikutaka kungoja. Jirani yangu ni seremala, nikachukua vumbi la mbao kwake, nikalifunga kwenye mifuko ya plastiki, nikalisukuma ndani ya kila ndoo, nikafunika juu na simiti iliyobaki, na zilipokauka zikapendeza kuliko hata zile za zamani. Nikaandika 20 kabla ya kupima. Alhamisi kabla ya ile Jumapili roho ikanisuta nikazipeleka kwa Ng'ang'a, na mizani ikasema kumi na nne, hii na ile. Ng'ang'a alicheka mpaka akashika gunia, akaniuliza, "Hii ni simiti ama ni keki?" Nikazirudisha Raila nikaziweka pembeni, na nilikuwa na nia ya kufuta ile rangi, naapa nilikuwa na nia.

Jumapili ikafika, watu wamejaa, wamama wametoka kanisani moja kwa moja na viatu vyao vizuri. Osewe alitangulia. Akasimama na mia na tano, safi kabisa. Akaomba mia na kumi, akashuka, akakwama chini, tukamshika, lakini chuma kikaangukia stendi na simiti moja ya ishirini ikapasuka vipande viwili. Ikawa zamu yangu na ishirini imebaki moja. Nataka ujue hakuna aliyenisukuma. Nilienda mwenyewe pembeni, nikazibeba zile zangu mbili, nikazivalisha chuma mwenyewe, huku na huku, nikasema haya, mia na kumi ndiyo hii. Ilikuwa tisini na nane. Yaani ilikuwa chini hata ya ile mia niliyokuwa naiweza kabla hatujaanza upuzi huu. Nikashuka, nikasimama, na jim ikalipuka.

Wangenipa dakika moja ya kimya labda ningesema. Hawakunipa. Osewe akaja akiwa bado anahema, akanishika mkono akauinua juu, akasema kwa sauti, "Kaloki amenishinda. Andikeni." Wakaandika kwenye mabati kwa rangi, KALOKI 110, OSEWE 105, na mjinga mmoja akaongeza chini yake MAKALIO OYEE, na mpaka leo maandishi hayo yapo.

Baada ya hapo Osewe hakununa hata siku moja. Alikuwa analala chali kama mimi na kuinua kiuno, mtu mzima wa miaka hamsini, vijana wanampigia mbinja, yeye anasema yanamsaidia mgongo. Lakini squat zake hakuacha. Na kila jioni ni yeye aliyekuwa anarudisha simiti zote kwenye stoo, moja moja, kubwa chini ndogo juu, hakutaka mtu amsaidie kwa sababu alikuwa na mpangilio wake. Akimaliza, kabla ya kutia kufuli, ananiangalia anauliza, "Omera, una neno?" Namwambia sina. Anafunga tunaenda. Sikumbuki kama hilo swali alikuwa nalo tangu zamani ama alilianza wakati huo. Kitu kingine, zile simiti zangu mbili yeye hakuwahi kuzitia kwenye chuma chake, alikuwa anajazia na za kumi kumi. Mimi nilidhani ni ile aibu ya kushindwa bado inamuuma.

Miezi minne ikapita hivyo. Kifua kikamshika, tukafikiri ni kile kikohozi cha vumbi la mjengo cha kila mwaka, kumbe sivyo, na alipolazwa alikuwa amechelewa. Nilienda kumuona Jumatatu. Mkewe Filister alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto, mgonjwa amebaki na binti yao Aketch. Osewe akamwambia Aketch, na kila neno alikuwa analivuta, "Mazoezi yako mfuate Kaloki. Akikosea atakwambia." Halafu akageuza uso kwangu akaniuliza, "Omera, una neno?" Dada Magdaline, nikamwambia sina, wewe pumzika. Alhamisi akatuacha. Nilimsindikiza mpaka kwao Homa Bay, nilibeba jeneza upande wa mbele, na njia nzima kutoka kwenye gari mpaka kaburini nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba huu ndio mzigo wa kwanza wa kweli nimebeba tangu ile Jumapili.

Sasa shida yenyewe. Aketch ana miaka ishirini na moja, yuko Soko la Toi anauza mitumba, na bela, lile furushi zima la nguo, anabeba mwenyewe mgongoni, ana nguvu Mungu alimpa. Baba yake alikuwa amemwanzishia chuma kitupu tu. Tangu tumzike, karibu mwaka mzima, ni mimi namfundisha, na yeye anafuata ile njia yangu kama amri ya kanisa, makalio siku nne, squat siku moja, kwa sababu anasema baba alishindwa akakubali, mimi ni nani nikatae? Kila akija anagusa yale maandishi ya mabati kabla ya kuanza. Amefika themanini na tano. Hiyo ni hesabu ya rangi, kwa sababu zile simiti zangu mbili huwa ndani, mimi ndiye huvalisha chuma na sijawahi kumwachia. Ya kweli ni sabini na tatu.

Na kuna mashindano ya wanawake wa kubeba uzito huko mjini, bado wiki saba, na vyuma vya huko ni vyuma, si vumbi la mbao. Atakayefanya vizuri anachukuliwa kwenye timu ya kampuni moja, na timu hiyo inakuja na kazi ya kuajiriwa, barua ya kazi kabisa, kitu ambacho nyumba ile haijawahi kuona. Kila mtu anapewa nafasi tatu kwa squat, na zote ukishindwa umetoka. Aketch amejaza fomu, ameandika ataanza na themanini na tano, akaenda kuionyesha picha ya babake ukutani. Fomu inapelekwa mwisho wa mwezi.

Nikimwambia, nitakuwa namwambia kwamba babake alikufa akiamini ameshindwa na hakuwa ameshindwa, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya, na kwamba mwaka wake mzima umejengwa juu ya huo uongo. Ananiita anko. Filister hunitumia omena na ugali kila Jumapili kwa sababu anajua sina mtu. Nisipomwambia, atapanda mbele ya watu aweke mabegani uzito ambao hajawahi kuubeba na utamkalisha chini, ama umvunje. Nimewaza kuongeza kilo kwa siri, kidogo kidogo, nibandike vipande vya chuma nyuma ya zile simiti asijue. Nimewaza kusema naumwa nisionekane tena. Halafu nikawaza, kama kweli mazoezi ya makalio yanaongeza squat, basi kwa hizi wiki saba tuyazidishe maradufu, azibe hizo kilo kumi na mbili, na hakuna mtu atakuwa na haja ya kujua chochote. Ndio maana nakuuliza. Tafadhali niambie yanaongeza.

Kaloki, Raila.

MAGDALINE ANAJIBU

Kaloki, kama nilivyokuita kwenye barua yako, pole. Naanza na pole kwa sababu ukifika katikati ya jibu hili utadhani sina. Umempoteza rafiki wa miaka mingi, na hujamlilia vizuri kwa sababu kila ukitaka kulia kuna simiti mbili zimekaa kooni. Majina yote nimebadilisha, hata ya vijiji. Lakini jim yenye MAKALIO OYEE ukutani ni moja tu Nairobi hii, na gazeti hili pale sokoni hufungiwa viatu. Kwa hiyo usikae nalo mkononi ukifikiria. Binti asilisome kabla hujamwambia.

Tuanze na makalio, maana umeuliza na utajibiwa. Mimi najua mapishi na ndoa, mambo ya misuli nilimpelekea mwenzangu Kavetsa, ambaye kazi yake ni kuwanyoosha watu viungo baada ya kuumia. Alisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, ya pili akachukua kalamu. Anasema hivi: makalio yana kazi kubwa kwenye squat, yanasaidiana na mapaja na mgongo kukuinua ukitoka chini. Ukiyafanyia mazoezi peke yake yatajaa na yatapata nguvu, na squat inaweza kusogea kidogo, hasa kwa mtu ambaye ndio anaanza. Lakini mwili unajifunza ile kazi unayoupa. Mtu anayetaka kusimama na mzigo mabegani lazima asimame na mzigo mabegani, mara mbili au tatu kwa wiki, uzito ukiongezwa polepole. Squat ndiyo ugali, hayo mengine ni mboga. Wewe umemlisha mtoto wa watu mboga mwaka mzima ukimwambia ni ugali.

Je, yatamzibia kilo kumi na mbili kwa wiki saba? Hapana. Nilimuuliza Kavetsa mara tatu kwa ajili yako. Hapana. Kwa hiyo huo mlango umefungwa, usirudi kuugonga.

Sasa nikugombeze kidogo. Wewe mwanamume mzima, unaniuliza habari ya misuli ili jibu langu ligeuze uongo wako uwe ukweli. Hata kama ningesema ndiyo, ile Jumapili bado ingekuwa tisini na nane. Osewe alisimama na mia na tano za haki, wewe na tisini na nane za vumbi la mbao, na mkono ulioinuliwa ukawa wako. Na kinachonikera zaidi si ile Jumapili. Siku moja mtu anaweza kuteleza, watu wanapiga kelele, kichwa kinapotea. Kinachonikera ni kwamba kila wiki kwa mwaka mzima umezibeba zile simiti na mikono yako ukazivalisha kwenye chuma cha binti ya rafiki yako, unamsikia akifurahi, na ukanyamaza. Ule mpango wa kubandika vipande nyuma kwa siri ndio ulionifanya niweke chai chini. Yaani ungemwongezea mtoto mzigo mgongoni asijue, ili wewe usione haya?

Na kuhusu kutoroka ukijifanya mgonjwa, sitaki hata kulizungumzia.

Haya, fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla Aketch hajafungua kibanda chake Toi, mwombe akusaidie kusukuma mkokoteni. Pakia zile simiti mbili mwende nazo Kawangware kwa Ng'ang'a. Usizivunje kwanza kwa hasira, najua utataka. Aziweke mwenyewe kwenye mizani, asome mwenyewe, moja halafu ya pili. Kama Ng'ang'a anataka kuleta mizaha yake ya keki, mwambie leo anyamaze. Hapo hapo umweleze yote, kuanzia simiti ilipokuishia. Useme babake alisimama na mia na tano na wewe hukumshinda. Hilo liseme kwanza kuliko yote, kwa sababu hilo ni lake, amelikosa kwa muda mrefu. Usimwambie ulikuwa na nia ya kufuta rangi. Kila mtu ana nia.

Atalia, atakutukana, labda atakuacha hapo na mkokoteni. Ni haki yake. Usimfuate ukimwomba msamaha njia nzima, huo utakuwa ni mzigo mwingine unamtwika. Nenda moja kwa moja kwa Filister, umwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu, na ukimkuta na sahani usile. Halafu urudi jim, uchukue brashi, na mbele ya vijana urekebishe yale mabati. Jina la Osewe lianze juu.

Mambo ya mashindano yana dawa, tena nyepesi kuliko unavyofikiri. Fomu haijaenda. Aibadilishe, Kavetsa anasema aandike sabini ya kuanzia, uzito ambao anauweza hata akiwa na wasiwasi. Kutoka sasa squat siku tatu kwa wiki kwa simiti za kweli, na mazoezi ya makalio yabaki mwishoni, dakika chache, hayana ubaya wowote yakikaa mahali pake. Wiki saba si nyingi lakini si bure. Msichana aliyefika sabini na tatu akifanya squat siku moja tu kwa wiki, tena nyepesi, Kavetsa alisema angependa kumwona akifundishwa vizuri. Akikataa kufundishwa na wewe, Kavetsa atampokea, namba yake iko hapa ofisini. Na kazi ile, kama haitapatikana mara hii, itapatikana akiwa na mgongo mzima.

Nimebakisha jambo moja, na nimelizungukia tangu mwanzo kwa sababu nilipolisoma kwenye barua yako ilibidi nitoke nje kidogo.

Kaloki, Osewe alikuwa fundi wa mawe. Amebeba simiti tangu ujana wake, mifuko, ndoo, matofali, siku baada ya siku. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kila jioni ni yeye aliyerudisha simiti zote stoo, moja moja kwa mkono wake, hakutaka msaada. Kwa miezi minne aliinua ndoo yako iliyoandikwa ishirini akaipanga na zile za ishirini. Na unataka kuniambia mtu huyo hakujua ameshika nini? Hakuwahi kuzitia kwenye chuma chake, ukasema ni aibu. Aibu gani? Mtu mwenye aibu hulala chali mbele ya vijana wanaompigia mbinja?

Sikuwa hapo na siwezi kuapa. Lakini mimi naamini alijua tangu ile jioni ya kwanza alipozibeba. Hakukuanika, kwa sababu angetaka kukuanika angezibeba mpaka kwa Ng'ang'a vijana wakimfuata. Alichagua kukungoja. Akakuuliza kila jioni kabla ya kutia kufuli, na akakuuliza kitandani pumzi ikiwa imebaki kidogo, mbele ya mtoto wake, baada ya kumwambia mtoto huyo kwamba ukikosea utamwambia. Hakumkabidhi mtoto wake kwa bingwa wa squat. Alimkabidhi kwa mtu aliyemjua vizuri, na kosa lake pia, akaweka imani kwamba siku moja utasema.

Najua hili litauma kuliko kugombezwa. Lilie, ni sawa. Ulikuwa na rafiki ambaye wengi hatujawahi kumpata, na hukumwambia neno lenyewe alilokuwa analingoja, na sasa hakuna jioni nyingine ya kuambiana.

Lakini Aketch yupo. Yeye hatakuuliza hata mara moja, kwa sababu hajui kuna cha kuulizwa, kwa hiyo usingoje swali. Mkifika kwa Ng'ang'a, mizani ikitulia na binti ameisoma ile kumi na nne na amegeuka kukutazama, wewe ndiye wa kuanza. Mwambie, "Aketch, nina neno."

Magdaline